Lumbesa Ndani ya Kadi ya Mtandao

"Mtandao unasumbua." Maneno haya mawili husikika kila siku maofisini, na lawama hupelekwa mbali: kwenye kampuni ya simu, kwenye mnara, kwenye mkongo uliolala chini ya Bahari ya Hindi. Mara nyingi zinawafikia wanaostahili. Lakini upo uchelewaji ambao hautoki hata nje ya chumba. Unazaliwa kwenye kipande cha chuma na plastiki kisichozidi kiganja, pale kebo inapoingia kwenye kompyuta.

Tuseme hii ni ofisi ya uhasibu. Kuna seva moja kabatini, swichi moja, kompyuta sita, na kebo zisizofika mita 20. Mhasibu anavuta faili la gigabaiti 4 kutoka kwenye seva, kisha anamwita fundi.

"Kaka, nimelianzisha saa nne kamili. Saa tano hii, hata nusu halijafika."

Fundi anapiga ping kwenda kwenye seva. Majibu yanarudi chini ya milisekunde moja, na hakuna lililopotea. Kurasa za intaneti zinafunguka bila shida. Taa za swichi zinawaka kama kawaida. Anajaribu kinyume: analituma faili la ukubwa uleule kutoka kwa mhasibu kwenda kwenye seva. Sekunde 35, limefika.

"Kwenda linakimbia, kurudi linatambaa," anasema. "Na kebo ni ileile, dada."

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Ili tujue kwa nini faili lichechemee upande mmoja tu, inabidi turudi nyuma kabisa na kuuliza: faili husafirije?

Gunia la baiti 1,500

Faili halipiti kwenye kebo likiwa zima. Hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa kwenye pakiti yake. Kanuni za Ethernet za mwaka 1980 ziliweka kikomo cha shehena ya pakiti moja kuwa baiti 1,500, na mpaka leo mitandao mingi ya ofisini inafuata kipimo hicho. Ndani ya baiti hizo, 20 huchukuliwa na anwani na maelezo ya IP, na nyingine 20 na maelezo ya TCP, yaani kanuni inayohakikisha vipande vinafika vyote na kwa mpangilio. Faili lenyewe linabakiwa na baiti 1,460.

Nje ya shehena kuna ufungashaji: vichwa vya Ethernet, alama ya kuanzia, hesabu ya ukaguzi ya mwishoni, na mwanya wa lazima kati ya pakiti na pakiti. Vyote kwa pamoja ni baiti 38. Kwa hiyo kila pakiti iliyojaa hula nafasi ya baiti 1,538 kwenye kebo.

Sasa tupige hesabu. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde hupitisha baiti 125,000,000 kila sekunde. Gawanya kwa 1,538, unapata pakiti 81,274. Zidisha kwa 1,460, unapata karibu megabaiti 118.7 za faili kwa sekunde. Faili la gigabaiti 4, basi, linatakiwa kufika kwa takriban sekunde 34. Fundi alipopata 35 upande wa kwenda, alijua kebo, swichi na diski vina uwezo wa kutosha upande huo. Anayeanza kutafuta hitilafu bila kwanza kujua kasi inayowezekana hana cha kulinganisha nacho; atabaki na hisia kwamba "iko taratibu".

Kumtua prosesa

Pakiti 81,274 kwa sekunde ni nyingi. Kila moja huhitaji kuandikiwa kichwa, kupewa namba, kupigiwa hesabu ya ukaguzi na kupitishwa mlango hadi mlango ndani ya programu endeshi. Kwenye mtandao wa gigabiti 10 hali inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu pakiti hupita kila baada ya mikrosekunde 1.23. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo chini ya 3,700 tu katika muda huo, na humo humo inatakiwa ihudumie pia programu za watumiaji.

Watanzania wana kauli yao kuhusu maji: kumtua mama ndoo kichwani. Wahandisi waliamua kumtua prosesa. Kadi ya mtandao, ambayo zamani ilikuwa bawabu wa kupokea na kutoa tu, ikapewa akili kidogo na kazi mbili tatu za kurudiarudia.

Ya kwanza ni ukataji. Badala ya kukata faili vipande vya baiti 1,460 yenyewe, prosesa hufunga furushi kubwa linalokaribia kilobaiti 64, kwa maana namba ya urefu kwenye kichwa cha IP haiwezi kuzidi 65,535. Linaandikiwa kichwa kimoja cha mfano, kisha linasukumwa kwa kadi. Kadi ndiyo inayolikata, ikanakili kile kichwa kwa kila kipande, ikabadilisha namba na kukokotoa ukaguzi.

Wanaojua masoko ya vitunguu na viazi watalitambua furushi hili. Ni lumbesa: gunia lililojazwa likafura, likaongezewa kilemba juu. Wakala wa Vipimo hawaliruhusu sokoni, na kebo nayo hailiruhusu. Ila lumbesa hii haitakiwi kufika barabarani. Inatembea ndani ya kompyuta tu, kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye kadi, na mlangoni inafunguliwa na kupakiwa upya kwenye magunia halali. Furushi la baiti 64,240 hutoa vipande 44 kamili. Safari 81,274 za prosesa kwa sekunde zinapungua hadi 1,850 hivi. Ni nafuu kubwa.

Hesabu inayojikagua

Kazi ya pili iliyohamishiwa kwenye kadi ni ukaguzi, na inafaa tuione kwa karibu, maana kosa letu litajificha humo.

Tutumie namba za tarakimu mbili. Mtumaji ana namba tatu: 47, 85 na 93. Anazijumlisha, anapata 225. Nafasi ya jumla ni ya tarakimu mbili tu, kwa hiyo ile 2 iliyozidi mbele anaishusha na kuiongeza nyuma: 25 na 2 ni 27. Kisha anatafuta kinachopungua ili 27 ifike 99. Ni 72. Hiyo 72 ndiyo anayoiandika kwenye kichwa cha pakiti.

Mpokeaji anajumlisha zote nne: 47, 85, 93 na 72. Anapata 297. Anaishusha 2: 97 na 2 ni 99. Tisa zimetimia, pakiti ni nzima. Kama njiani 85 iligeuka kuwa 58, angepata 270, na akiishusha 2 angebaki na 72. Si 99. Pakiti inatupwa bila maelezo.

Ukaguzi wa kweli wa TCP ni huohuo, isipokuwa namba zake ni za biti 16 na badala ya tisa tunatafuta moja tupu. Waraka wa wahandisi wa intaneti uitwao RFC 1071, wa mwaka 1988, unaeleza namna ya kuikokotoa jumla hii haraka. Ni hesabu ya kitoto, lakini inagusa kila baiti ya kila pakiti. Ndiyo maana kuihamishia kwenye kadi kuna tija.

Karani anapokosea

Tuseme sasa kadi ya seva, au programu ya draiva inayoiongoza, ina kasoro. Ikipewa lumbesa inakata vizuri mara nyingi, ila mara mojamoja kipande kinatoka na hesabu mbovu ya ukaguzi. Prosesa haijui lolote, yenyewe ilishakabidhi. Swichi haijui, kwa sababu inaangalia ukaguzi wa nje wa Ethernet, ambao kadi imeuandika sawasawa juu ya kipande kibovu. Anayegundua ni mmoja tu, mpokeaji. Anajumlisha, tisa hazitimii, anatupa.

Kwa nini basi faili zima litambae kwa ajili ya vipande vichache? Jibu linaturudisha California, Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ya data iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mtandao ulikuwa umefurika. Kompyuta zilipokosa majibu zilirudia kutuma, na kule kurudia kukazidisha mafuriko. Van Jacobson alilichunguza jambo hilo, na katika andiko lake la mwaka 1988 akaeleza kanuni ambayo TCP inaifuata mpaka leo: pakiti ikipotea, chukulia barabara imejaa, punguza mwendo.

Ni kanuni ya busara, na ndiyo iliyoiokoa intaneti. Lakini inaamini kwamba pakiti hupotea kwa msongamano. Katika ofisi yetu hakuna msongamano wowote. Kuna karani mmoja anayekosea hesabu. TCP ya seva haiwezi kutofautisha. Inaona ukimya, inapunguza mwendo. Na vipande vya mwisho vya fungu vikipotea, pasiwe na kinachofuata cha kumzindua mpokeaji, inasubiri saa yake ya kurudia ilie. Kwenye Linux saa hiyo hailii kabla ya milisekunde 200.

Milisekunde 200 ni kufumba na kufumbua kwako wewe. Kwenye kebo ya gigabiti 1, ni muda wa kupitisha megabaiti zaidi ya 23. Tuseme ukimya huo unatokea kila baada ya kilobaiti 100. Kilobaiti 100 kwa kila milisekunde 200 ni kilobaiti 500 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 4 litahitaji sekunde 8,000, yaani saa mbili na dakika 13. Mhasibu hakukosea: baada ya saa moja lilikuwa halijafika nusu.

Sasa dalili zote zinakaa mahali pake. Ping ilikuwa safi kwa sababu ujumbe wake ni mdogo na hausafiri kwa TCP, hivyo haupiti kwa mkataji kabisa. Kurasa za intaneti zilifunguka kwa sababu hazikutoka kwenye seva ile. Upande wa kwenda ulikimbia kwa sababu mkataji alikuwa kadi ya mhasibu, iliyo nzima. Seva ilikuwa inarudisha stakabadhi fupi tu, ambazo hazihitaji kukatwa.

Jicho lililokaa mahali pasipofaa

Fundi mwenye bidii hapa hufungua tcpdump au Wireshark kwenye seva ili azione pakiti kwa macho. Na hapa wengi hupotea. Skrini inamwonyesha pakiti za baiti elfu 64, wakati kikomo ni 1,500. Inamwonyesha pia neno "incorrect" kando ya hesabu ya ukaguzi, si kwa pakiti moja bali kwa karibu kila moja inayotoka. Anashika kichwa: kumbe seva nzima imeoza!

Haijaoza. Programu hizi zinatazama pakiti kabla hazijaingia kwenye kadi. Pale palipo na jicho lao, lumbesa bado haijafunguliwa na ukaguzi bado haujaandikwa, kwa kuwa kazi hizo zinamngoja karani aliye mbele. Hata seva nzima kabisa itaonyesha hivyohivyo. Na kinyume chake ni cha hatari zaidi: kosa linalofanywa na kadi yenyewe halitaonekana hapo hata ukikesha.

Hii ndiyo bei ya kutuliwa mzigo. Ulipomkabidhi mwenzako ndoo, ulimkabidhi na nafasi ya kuimwaga, na wewe umegeuka nyuma. Tiba ni kuhamisha jicho. Pakiti zipimwe kwa mpokeaji, au kwenye mlango wa swichi uliopangwa unakili kila kinachopita, mahali ambapo kadi imeshamaliza kazi yake.

Zima, pima, washa, pima

Fundi wetu anaanza kwa kuwaondolea shaka wasiohusika. Anachomeka kompyuta yake ya Linux kwenye kebo ya mhasibu. Anaandika `ethtool eth0` na kusoma mwendo: 1000Mb/s, njia mbili kamili. Ingesomeka 100Mb/s, angeanza na kebo, kwa sababu gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ilhali megabiti 100 inatosheka na mbili. Jozi moja ikikatika, mwendo huweza kushuka wenyewe.

Kisha anaiweka diski pembeni. Anawasha `iperf3` pande zote mbili, programu inayotuma data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu bila kugusa faili lolote. Upande wa kwenda, megabiti zaidi ya 900. Anaongeza `-R` ili igeuze uelekeo, na kasi inaanguka hadi megabiti 4. Safu ya "Retr" upande wa seva, inayohesabu pakiti zilizorudiwa, inapanda kila sekunde. Kwenye kompyuta yake anaandika `nstat -az TcpInCsumErrors`, na namba ya pakiti zilizotupwa kwa ukaguzi mbovu inapanda nayo. Diski imeachiwa huru. Kompyuta ya mhasibu nayo, kwa kuwa haikuwepo wakati kosa linajirudia.

Sasa anaingia kwenye seva. `ethtool -k eth0`, kwa herufi ndogo, inamwonyesha kazi zote zilizohamishiwa kwenye kadi. `ethtool -K eth0 tso off`, kwa herufi kubwa, inaondoa moja tu: ukataji. Kuanzia hapo lumbesa itafunguliwa na prosesa yenyewe hatua moja kabla ya kadi. Anapima: megabiti 930. Wengi wangefunga begi hapa. Yeye anaandika `tso on` na kupima tena: 4. Anazima tena: 930. Mara moja huenda ni bahati, lakini kosa linaloondoka na kurudi kwa amri ileile limejitaja lenyewe. Na amebadili kitu kimoja kimoja. Angezima vyote kwa mpigo, kasi ingerudi na asingejua mkosaji ni nani.

Kwenye Windows mpangilio huohuo huonekana kwa jina la "Large Send Offload", katika ukurasa wa "Advanced" wa kadi. Njia ya kufikiri haibadiliki.

Kuzima ni huduma ya kwanza. Tiba yenyewe ni draiva mpya au programu mpya ya ndani ya kadi, na ikishindikana, kadi nyingine. Tena amri ya `ethtool` husahauliwa seva ikizimwa na kuwashwa. Isipoandikwa kwenye mipangilio ya kudumu, simu ya mhasibu italia tena baada ya umeme kukatika. Kwenye gigabiti 1 prosesa ya leo hailemewi na kukata yenyewe. Kwenye gigabiti 10 na kuendelea, unaweza kuondoa kosa moja na kujinunulia foleni nyingine. Wanaoshauri kuzima kila kitu kwenye kila seva wanauza dawa ya kikombe kimoja kwa magonjwa yote.

Lumbesa ikirudi upande wa pili

Upande wa kupokea nao una karani. Pakiti ndogo zinapoingia, kadi inaweza kuziunganisha kuwa furushi kubwa kabla ya kumwita prosesa. Kwa kompyuta inayolila furushi hilo yenyewe, hakuna shida. Kwa ruta, ambayo kazi yake ni kupokea na kupeleka mbele, ni balaa: gunia lililoshonwa upya likavimba halitapita kwenye mizani ya barabara inayofuata. Ndiyo sababu uunganishaji wa zamani, LRO, huzimwa kwenye mashine zinazopitisha pakiti za wengine. Linux mwaka 2009 ilipata njia ya uangalifu zaidi, GRO, inayounganisha tu pakiti zinazoweza kukatwa tena zikawa kama zilivyofika. Kwa hiyo ukikuta kompyuta yenye kasi nzuri yenyewe, lakini zilizo nyuma yake zinatambaa, angalia hapo.

Mhasibu anauliza

Faili limeshuka kwa sekunde 34. Mhasibu halisherehekei, ana swali lake.

"Kaka, kama hiyo kadi ilikuwa inakosea hesabu, hizi hesabu zangu zilizopita jana na juzi ziko salama?"

Ni swali zuri kuliko la kasi. Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa chuo cha MIT walisimulia kisa cha mitandao iliyokagua pakiti katika kila kituo. Kompyuta moja ya kati ilikuwa na hitilafu: ilipokuwa ikinakili data ndani ya kumbukumbu yake, ilibadilishana nafasi za baiti mbili, mara moja hivi katika kila baiti milioni. Kila kituo kilikagua, na kila ukaguzi ulipita, kwa sababu uharibifu ulitokea kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Wenye mafaili waliishia kuyalinganisha kwa mkono na nakala za zamani za karatasi. Hoja yao ikawa msingi wa ujenzi wa mitandao: ukaguzi wa njiani unasaidia kasi, lakini uhakika hupatikana kwenye ncha mbili tu, kwa aliyetuma na aliyepokea.

Ofisi yetu ilikuwa na bahati ya kosa lenye kelele. Mpokeaji alikagua, akakataa, seva ikarudia kutuma, na ule utambazaji wote ulikuwa ni mpokeaji akikataa kupokea kilichoharibika. Lakini hiyo ni dhana yenye sababu, na mhasibu anataka ushahidi. Fundi anaandika `sha256sum` na jina la faili kwenye seva. Unatoka mstari wa herufi na tarakimu 64. Anafanya vivyo hivyo kwa faili la jana lililoko kwenye kompyuta ya mhasibu, kisha anasogeza kiti.

"Linganisha mwenyewe, dada."

Mhasibu anachukua rula, anaiweka chini ya mstari wa kwanza kwenye skrini kama anavyofanya kwenye leja, na kusoma tarakimu moja baada ya nyingine mpaka mwisho.

"Zimelingana," anasema, na kuweka tiki.